Asiyekula Ngano Ale Nini Mjini Mbarara?

Msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Methali hii ya wazee humgusa kila mtu aliyepata kulala ugenini, lakini humgusa zaidi yule ambaye tumbo lake halipokei ngano. Nyumbani hupika mwenyewe na hujua kilichomo chunguni. Akifika mji wa watu, afya yake huwa mikononi mwa mpishi asiyemjua.

Maradhi yanayohusika huitwa seliaki. Ngano, shayiri na rai zina protini iitwayo gluteni, ile inayofanya donge la chapati livutike kama mpira. Kwa mgonjwa wa seliaki, gluteni ikiingia tumboni, mwili hukosea na kuushambulia utumbo wake wenyewe. Vijinywele vidogo vinavyofyonza chakula huharibika. Matokeo yake aghalabu ni kuharisha, kukonda na kupungukiwa damu, na mtoto huweza kudumaa. Tiba inayotegemewa hadi sasa ni moja tu: kuacha nafaka hizo maisha yote. Hata makombo hudhuru.

Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, alikwisha kuishuku ngano kabla ya Vita Kuu ya Pili. Katika njaa ya mwaka 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika nchini mwake, watoto wenye maradhi haya walipata nafuu. Mkate uliporudi, maradhi nayo yakarudi.

Wapo wanaodhani kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Sivyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 juu ya watoto wa Kisaharawi, ambao wengi wa watu wao wanaishi katika kambi za wakimbizi nchini Algeria, ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wana seliaki. Duniani kwa jumla hukadiriwa mtu 1 katika kila 100. Wasaharawi walikuwa wamezoea kula ngano kwa wingi, na mkate ulikuwa chakula chao cha kila siku.

Mama atokaye Nakivale

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, mahindi na maharage ni vyakula vilivyozoeleka, na vyote viwili havina gluteni. Mzazi mwenye mtoto wa namna hii huweza kumlinda akiwa nyumbani. Shida huanza anapompeleka hospitali ya rufaa ya Mbarara na kulazimika kukaa siku kadhaa. Fedha ni chache, mtoto analia njaa, na kilicho karibu na rahisi ni chapati au mandazi. Mlo mmoja wa haraka waweza kumrudisha nyuma mtoto aliyekwisha kuanza kunenepa.

Chakula cha asili ndicho salama

Kwa bahati njema, Mbarara iko katika nchi ya ndizi na ulezi. Matoke yaliyofunikwa kwa majani ya mgomba, viazi vitamu, mihogo, posho ya mahindi, wali, maharage na mchuzi wa karanga havina gluteni kwa asili yake. Karo, yaani ugali wa ulezi, ni chakula cha heshima huko Ankole. Huliwa pamoja na eshabwe, mchuzi mweupe wa samli iliyopigwa kwa maji na chumvi. Asubuhi, badala ya chapati, ipo katogo: ndizi zilizopikwa pamoja na maharage au matumbo.

Msafiri anayeendelea kuelekea Masaka na Kampala hupita Biharwe. Hapo, kando ya barabara kuu, kipo kituo cha utamaduni cha Igongo, kinachojulikana kwa mapishi ya Kinyankole. Lakini si lazima kutafuta mahali pakubwa. Vyakula hivyo hivyo hupatikana katika vibanda vya sokoni kwa mwenye fedha kidogo.

Mitego ya jikoni

Hatari haimo katika chapati inayoonekana, bali katika ngano iliyojificha. Wapishi wengine huongeza uzito wa mchuzi kwa unga wa ngano, na baadhi ya vidonge vya kukolezea mchuzi vina ngano ndani yake. Chipsi huweza kukaangwa katika mafuta yaliyokwisha kukaanga sambusa. Mayai hukaangwa juu ya bamba lile lile la chapati. Unga wa ulezi au wa muhogo huweza kuchanganyika na ngano katika mashine ya kusagia. Injera ya Kihabeshi hupikwa kwa tefu, nafaka isiyo na gluteni, lakini mahali tefu ilipo adimu watu huichanganya na ngano. Bia ya kawaida nayo hutengenezwa kwa shayiri.

Namna ya kuuliza

Kumwuliza mpishi habari za gluteni ni kumtatiza bure. Swali liwe la jikoni: «Samahani nyabo, mchuzi huu umetiwa unga wa chapati?» Kisha: «Mafuta haya yamekaanga mandazi?» Aelezwe kwa upole kwamba mtoto huugua, asije akadhani chakula chake kinadharauliwa. Akijibu, «Nimetia kidogo tu,» basi ashukuriwe, na chakula hicho kiachwe.

Yafaa kufika mapema, sufuria zikiwa safi na mafuta mapya. Tena mzazi afungashe viazi vilivyochemshwa, karanga, ndizi mbivu, bakuli na kijiko chake mwenyewe.

Onyo moja ni muhimu. Kuharisha kwa mtoto kuna sababu nyingi, hivyo asihukumiwe kuwa na seliaki kabla ya kuonwa na daktari. Wala asiachishwe ngano kabla ya vipimo, kwa maana alama zinazotafutwa katika damu hupungua mtu akiisha kuiacha.

Wenye vibanda nao wana wajibu wao. Kutenga sufuria moja ya mchuzi usiotiwa unga, pamoja na mwiko wake, si gharama kubwa. Mteja aliyejibiwa kweli leo atarudi kesho kula hapo hapo, na mtoto wake atakuwa mzima.