Hati Safi ni Nini, na Mwananchi Anahusikaje?

Kila mwaka ifikapo mwezi Aprili, taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye wengi tunamfahamu kwa jina la CAG, huwasilishwa bungeni na kutangazwa redioni. Siku hizo swali moja huulizwa vijiweni na katika mikutano ya vijiji: halmashauri yetu imepata hati gani? Akijibiwa kwamba imepata hati safi, mwananchi anayepita kila siku mbele ya boma la zahanati lisiloezekwa hushangaa. Hati imekuwaje safi, na boma lile bado liko pale? Swali hilo ni la haki, na makala hii inakusudia kulijibu.

Nani hukagua halmashauri?

Halmashauri ina wakaguzi wa aina mbili. Wa kwanza ni Mkaguzi wa Ndani, mtumishi wa halmashauri ambaye kazi yake ni kubaini kasoro mapema ili Mkurugenzi Mtendaji azirekebishe. Wa pili ni mkaguzi wa nje, yaani CAG, anayefanya kazi kupitia Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Mamlaka yake yametajwa katika Ibara ya 143 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 na kufafanuliwa katika Sheria ya Ukaguzi wa Umma, Sura ya 418. Katika kazi yake ya ukaguzi halazimiki kufuata amri ya mtu au idara yoyote ya Serikali. Mkurugenzi hawezi kumwelekeza aandike nini, wala Diwani hawezi kumwomba afute jambo.

Safari ya ukaguzi kwa mwaka mmoja

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Baada ya hapo halmashauri ina miezi mitatu ya kufunga hesabu na kuziwasilisha kwa CAG, yaani hadi tarehe 30 Septemba. Wakaguzi hupitia hati za malipo, mikataba, taarifa za benki na makusanyo ya mashine za kukusanyia mapato, kisha hutembelea miradi. Jambo wasiloridhika nalo huliandika kama hoja, na menejimenti hupewa nafasi ya kuijibu kwa vielelezo.

CAG humkabidhi Rais taarifa yake ifikapo tarehe 31 Machi, na ndipo taarifa hiyo hupelekwa bungeni. Huko, Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa inaweza kumwita Mkurugenzi, ambaye kwa nafasi yake ndiye Afisa Masuuli, ajieleze. Hapa wilayani, Baraza la Madiwani hukaa kikao maalumu kujadili hoja moja baada ya nyingine.

Maana ya hati

Hati ni maoni ya mkaguzi juu ya vitabu vya hesabu. Hati inayoridhisha, ambayo wengi huiita hati safi, ina maana kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa kwa kufuata viwango vya uhasibu na hazina makosa makubwa ya kumpotosha msomaji. Hati yenye shaka hutolewa pale ambapo hesabu kwa ujumla zinakubalika, isipokuwa katika eneo fulani. Hati isiyoridhisha ina maana kwamba makosa ni makubwa na yameenea kiasi kwamba hesabu hizo haziaminiki. Mwisho, mkaguzi anaweza kushindwa kutoa maoni kwa kukosa nyaraka za kutosha.

Kwa hiyo, hati safi haisemi kwamba hakuna shilingi iliyopotea, wala haisemi kwamba kila mradi umekamilika. Boma lisiloezekwa, likiwa limeandikwa vitabuni kama jengo ambalo halijakamilika na kwa gharama yake halisi, haliharibu hati. Hesabu zimesema kweli, ingawa ukweli wenyewe haupendezi.

Ndiyo maana hati safi na orodha ndefu ya hoja huweza kukaa katika taarifa moja. Mwananchi anayetaka kuifahamu halmashauri yake asiishie kwenye hati. Asome na hoja.

Ukaguzi wa ufanisi

Sheria hiyo hiyo inampa CAG mamlaka ya kufanya ukaguzi wa ufanisi. Huu huchunguza iwapo fedha zimetumika kwa uangalifu, kwa tija na kwa kufikia lengo lililokusudiwa. Tuchukue mfano wa zahanati iliyojengwa ikakamilika, stakabadhi zote zipo, lakini haina mhudumu wala maji. Mkaguzi wa hesabu anaweza asione kosa. Mkaguzi wa ufanisi atauliza: ni wagonjwa wangapi wametibiwa hapa?

Hoja zikifanyiwa kazi, mambo hubadilika. Taarifa za CAG zilionesha mara kwa mara kwamba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, inayotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hairejeshwi ipasavyo, na kwamba baadhi ya vikundi vilivyokopeshwa havikuwepo. Mwaka 2023 Serikali iliisitisha mikopo hiyo ili kupanga utaratibu mpya, na mwaka 2024 ikarejeshwa. Kikundi cha kweli kilichosubiri kwa muda huo kilibeba mzigo wa vikundi hewa.

Sahihi yako ni sehemu ya ukaguzi

Mkaguzi hawezi kutazama kila stakabadhi, huchagua sampuli. Huko kijijini hutegemea nyaraka zilizosainiwa na wananchi wenyewe. Miradi mingi ya shule na zahanati hujengwa kwa kutumia mafundi wa kawaida, chini ya kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi zenye wajumbe kutoka miongoni mwetu. Tuseme mjumbe wa kamati ya mapokezi anatia sahihi kwamba amepokea mifuko 100 ya saruji, bila kushuka kwenye gari kuihesabu. Kama ilishushwa mifuko 80, karatasi itaendelea kusema 100. Mkaguzi akija baada ya miezi 6, saruji imekwisha kuwa ukuta, na ushahidi pekee uliobaki ni sahihi ile.

Hivyo hivyo kwa mfanyabiashara anayelipa ushuru wa soko na kuondoka bila stakabadhi ya mashine. Fedha isiyoingia kwenye mfumo haionekani vitabuni, na ni vigumu mno kukagua kisichoandikwa.

Ufanye nini?

Kwanza, dai stakabadhi kila unapolipa. Pili, ukiwa mjumbe wa kamati, hesabu kabla ya kusaini. Usipotendewa haki kwa kukataa kusaini, mweleze Diwani wako au fika ofisi ya Mkurugenzi. Tatu, hudhuria mkutano mkuu wa kijiji, na uombe kusomewa taarifa ya mapato na matumizi kila baada ya miezi mitatu. Nne, vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi, nawe unaweza kuketi na kusikiliza hoja zinavyojibiwa. Tano, taarifa za CAG huwekwa kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Afisa Mtendaji wa Kata anaweza kukuelekeza namna ya kuzipata.

Sisi watumishi wa halmashauri nasi tuna wajibu wa kuzipokea hoja bila kinyongo. Hoja ya mkaguzi si tusi. Ni swali lililoulizwa kwa niaba ya mama anayejifungulia mbali na nyumbani kwa sababu zahanati ya kijiji chake haijaezekwa.

Imeandaliwa na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini, Ofisi ya Mkurugenzi Mtendaji.