Mzee wa Reli

Mkula haina reli. Lakini yupo huku mhandisi mstaafu aliyeingia Shirika la Reli Tanzania lilipoundwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Kila nikimtembelea, habari ni reli. Mwaka 2007 kampuni ya RITES ya India ilipopewa asilimia 51, yeye tayari yuko nyumbani, alinyamaza kama mfiwa. Ubia ule ulipovunjika hakushangilia. Agosti 2024, Rais Samia alipozindua treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, mzee alilia mbele ya televisheni.

Wanawe humuuliza, “Baba, wale wanakulipa nini tena?” Swali la haki, pensheni yenyewe tunaijua.

Nehemia naye alikuwa mbali, Shushani, mnyweshaji wa mfalme mwenye kila kitu. Bado aliwauliza wageni habari za Yerusalemu, na aliposikia kuta zimebomoka, alilia na kufunga. Yeye lakini aliruhusiwa kwenda kujenga. Mzee wetu miguu imegoma.

Juzi ameleta nia ya Misa: mafundi wanaojenga kilomita 341 za Mwanza–Isaka. Hamjui hata mmoja wao.