Mali bila Daftari: Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hufundishwa katika shule zote nchini Kenya, na aghalabu hutajwa pale panapozungumziwa biashara na fedha. Hata hivyo, taifa nalo lina mali yake isiyohesabika kwa shilingi: maamuzi yaliyotolewa, ardhi iliyogawanywa, watu waliofungwa, shule zilizojengwa na lugha iliyotumiwa katika kuyatenda hayo yote. Daftari la mali hiyo ndiyo makavazi.

Katikati ya jiji la Nairobi, kando ya barabara ya Moi, lipo jengo la mawe lenye nguzo ndefu, lililokuwa la benki enzi za ukoloni. Maelfu ya wakazi hupeana miadi mbele ya jengo hili, wakakutana na kwenda zao. Wachache mno huingia ndani. Makala haya yananuia kueleza kazi inayofanywa humo na Idara ya Makavazi ya Kitaifa na Huduma za Nyaraka, pamoja na sababu za mwanafunzi wa Kiswahili kuuvuka mlango huo.

Maana ya makavazi

Baadhi ya wasomi huchanganya maktaba, makumbusho na makavazi. Maktaba huhifadhi vitabu vilivyochapishwa, na kitabu kikipotea Nairobi huenda nakala yake ikapatikana Kampala au London. Makumbusho huhifadhi vitu. Makavazi huhifadhi nyaraka zilizotokana na shughuli zenyewe: barua, ripoti, kumbukumbu za mikutano, ramani na picha. Neno ‘waraka’ lenyewe lina asili ya Kiarabu na linahusiana na karatasi. Aghalabu waraka wa makavazi ni mmoja tu. Ukiungua, umekwisha.

Tofauti ya pili ni mpangilio. Vitabu vya maktaba hupangwa kwa mada, ilhali nyaraka hupangwa kufuatana na ofisi iliyozizalisha. Faili za Mkuu wa Mkoa wa Pwani hukaa pamoja, na za Mkuu wa Wilaya ya Lamu vivyo hivyo. Hapa ndipo mtafiti mchanga hukwama. Akiuliza ziliko faili za Kiswahili, huenda akarudi mikono mitupu. Anapaswa kujiuliza kwanza: ni afisa gani aliyekuwa na sababu ya kuandika juu ya jambo hili, na alimwandikia nani? Akilijibu swali hilo, atakuwa ameipata njia.

Misingi ya kisheria na huduma kwa umma

Idara hii iliundwa kwa Sheria ya Makavazi ya Umma ya mwaka 1965, Sura ya 19 ya Sheria za Kenya. Sheria hiyo inampa mkurugenzi mamlaka ya kukagua nyaraka za ofisi za serikali na kutoa ushauri kuhusu utunzaji wake. Kwa hivyo, kazi ya idara huanzia katika ofisi za wizara, ambako huamuliwa lipi litunzwe na lipi liharibiwe. Kwa kawaida, nyaraka za umma huruhusiwa kusomwa na wananchi baada ya kutimiza miaka 30. Mbali na makao makuu, idara ina vituo Mombasa, Nakuru, Kisumu, Kakamega na Nyeri.

Shughuli inayojulikana zaidi na umma ni maonyesho ya mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966 na kuaga dunia mwaka 1990. Murumbi alikusanya kazi za sanaa za Kiafrika, nyaraka na maelfu ya vitabu, na sehemu kubwa ya hazina hiyo sasa imo jengoni. Aidha, makavazi duniani huadhimisha tarehe 9 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Makavazi, fursa ya kuwaonyesha wananchi yaliyomo rafuni.

Hata hivyo, kitovu cha huduma ni chumba cha kusomea. Mtafiti hujisajili, hutafuta nambari ya faili katika orodha, kisha huiagiza na kuletewa mezani. Huandika kwa penseli ili wino usije ukauharibu waraka. Utaratibu huu huonekana wa polepole kwa kizazi kilichozoea intaneti, lakini ndio uliozifikisha nyaraka hizi hadi leo.

Nyaraka zilizohamishwa

Umuhimu wa makavazi hudhihirika zaidi pale nyaraka zinapokosekana. Mwaka 1961, serikali ya Uingereza ilitoa maagizo kuwa makoloni yanayokaribia uhuru yasiachiwe nyaraka ambazo zingeweza kuiaibisha. Faili zilichambuliwa, baadhi zilichomwa moto, nyingine zikasafirishwa hadi Uingereza. Katika uchambuzi huo, ziko ambazo ziliruhusiwa kushikwa na maafisa wa asili ya Kizungu pekee. Kenya huru ilirithi ofisi zenye makabati yenye mapengo.

Makavazi ya Kitaifa hayakunyamaza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, yalituma watumishi Uingereza kutafuta na kunakili nyaraka zinazoihusu Kenya. Walipata mengi, ila faili zilizofichwa hawakuonyeshwa. Ilikuwa mwaka 2011, wakati wazee waliopigania uhuru walipokuwa wakiishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso waliyotendewa vizuizini, ndipo serikali hiyo ilipokiri kuwa ilikuwa na takriban faili 1,500 kutoka Kenya, zilizowekwa Hanslope Park. Mwezi Juni 2013, Uingereza ilitangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Wazee hao walikuwa na makovu na kumbukumbu zao kwa zaidi ya nusu karne. Ushahidi wa karatasi uliyapa maneno yao nguvu mbele ya mahakama.

Hazina kwa Kiswahili

Je, haya yanamhusuje mwanafunzi wa Kiswahili? Kwanza, utawala wa kikoloni uliendeshwa kwa Kiingereza juu na Kiswahili chini. Maafisa walilazimika kufanya mitihani ya Kiswahili, na machifu, makarani na raia waliwaandikia kwa lugha hiyo. Katika faili ya Kiingereza, mtafiti huweza kukutana na barua ya Kiswahili ya mtu wa kawaida, yenye tahajia na msamiati wa mahali pake. Kwa mwanaisimu, barua kama hiyo ni ushahidi wa Kiswahili cha bara ambacho sarufi zilizochapishwa hazikukisajili.

Pili, historia ya usanifishaji imo katika mawasiliano ya ofisi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa mwaka 1930. Wanafunzi hukariri miaka hii miwili bila kusoma hoja za waliotetea Kimvita. Faili za elimu za enzi hizo ndipo mahali pa kuanzia kuzitafuta.

Hitimisho

Imebainika kuwa makavazi hulinda haki za watu na historia ya lugha kwa pamoja. Hatari ya leo haitokani na moto wala meli pekee. Tangu mwaka 2013, serikali 47 za kaunti huzalisha nyaraka zake, na nyingi huandikwa kwa tarakilishi, ambamo barua hufutwa kwa kubonyeza kitufe tu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuuliza, lakini haki hiyo ni bure iwapo waraka haukutunzwa.

Itafaa vyama vya Kiswahili vyuoni vipange ziara katika chumba cha kusomea, na wahadhiri wawahimize wanafunzi wa tasnifu kutumia angalau faili moja ya asili. Vyama vyenyewe navyo vianze na makabati yao: kumbukumbu za mikutano, miswada ya tamthilia na matoleo ya majarida yaliyopita. Asiyehifadhi cha kwake hana ujasiri wa kudai cha taifa.