Rudia Ulivyosikia: Funzo la Marubani kwa Nyumba Zetu

Msimu wa mvua uliopita tulikuwa Nyamira, nyumbani kwa binti wa ndugu yetu aliyeolewa huko. Wasomaji wetu waliowahi kufika Gusii wanaijua mvua ya huko, haipigi hodi. Asubuhi jua huwaka juu ya mashamba ya chai. Alasiri mawingu hushuka vilimani, na mvua ikapiga mabati hata watu wawili walioketi mkeka mmoja wasisikilizane.

Alasiri moja ya namna hiyo mtoto mdogo wa nyumba alikuwa na homa. Dawa ya maji ilikwisha kuletwa kutoka zahanati, lakini karatasi ya maelezo ilikuwa imelowa njiani na wino umetapakaa. Binti yetu akampigia simu tabibu, sikio moja ameliziba kwa kiganja na jingine amelibana kwenye simu. Akasikiliza, kisha akasema kwa sauti kubwa: "Narudia, daktari. Kijiko kimoja, mara tatu kwa siku?" Ikatoka sauti tuliyoisikia hata sisi tuliokaa mbali: "Nusu, mama! Nusu kijiko!" Neno "nusu" lilikuwa limemezwa na mvua.

Hatuna budi kukiri jambo moja. Alipoanza kurudia, sisi tulikuwa tumekwisha kumwashiria kwa mkono aache, tukiona si adabu kumhoji mtu aliyekwisha kusema. Yeye hakutuitikia mpaka alipomaliza. Kisha akasema kwa upole, "Niwie radhi, ami. Huyu mtoto ana uzito wa kilo chache tu." Hatukuwa na jawabu.

Siku ya pili tulishuka mjini Kisii, tukafuatana na shemeji yake, kijana anayejifunza urubani Nairobi. Alitupeleka hadi Suneka, nje ya mji, tukautazame uwanja mdogo wa ndege wa kaunti hiyo. Tulipomsimulia habari ya nusu kijiko akacheka, kisha akasema: "Shehe, alichokifanya shemeji ndicho tunachofunzwa kila siku. Asiyekijua haruki."

Akatueleza. Mwongoza ndege aliye mnarani akimpa rubani amri ya kimo, ya upande wa kuelekea au ya njia ya kurukia, haitoshi rubani kujibu kwamba amesikia. Ni lazima airudie amri yenyewe, tarakimu kwa tarakimu, pamoja na jina la ndege yake. Wala kazi haijaisha hapo. Mwongozaji naye analazimika kuyasikiliza marudio, na akiona kosa alisahihishe papo hapo. Hata matamshi ya tarakimu yamewekewa kanuni. Kwa Kiingereza cha angani, tisa huongezewa silabi mwishoni ili isichanganyike na tano. Sisi wenye Kiswahili tunaelewa haja hiyo, maana "sita" na "tisa" zina herufi zilezile, konsonanti zimebadilishana nafasi tu.

Tahadhari hizi zimenunuliwa kwa gharama. Kisa kimoja kilitokea hapa kwetu Kenya. Tarehe 3 Septemba 1974 ndege kubwa aina ya Boeing 747 ya shirika la British Airways ilikuwa ikikaribia uwanja wa Embakasi, Nairobi, ambao leo unaitwa Jomo Kenyatta. Mwongozaji aliiruhusu ishuke hadi futi 7,500. Alitamka tarakimu mojamoja: saba, tano, sifuri, sifuri. Marubani wakashika tano, sifuri, sifuri, sifuri, yaani futi 5,000.

Msomaji azingatie kwamba kimo hicho hupimwa kutoka usawa wa bahari, na Nairobi haiko Mombasa. Ardhi ya uwanja ule imeinuka zaidi ya futi 5,300. Kwa hiyo ndege ile ilikuwa ikishuka ndani ya mawingu kuelekea kimo kilichokuwa chini ya ardhi yenyewe. Ilipotoka mawinguni, ardhi ikaonekana i karibu mno, na rubani akainyanyua. Ilikuwa imebakisha takriban futi 70, kimo cha mnazi mmoja mrefu wa kwetu. Ilitua salama baadaye. Wengi katika abiria huenda walishuka pasi na kujua walivyonusurika.

Wengine hawakunusurika. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana juu ya njia ya kurukia, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani. Ukungu ulikuwa mzito, mnara hauzioni ndege, na ndege hazionani. Marubani wa KLM walipewa maelezo ya njia watakayofuata baada ya kupaa, nahodha akayachukulia kuwa ni ruhusa ya kupaa. Msaidizi wake alipoyarudia, aliongeza maneno yenye utata kwamba sasa wapo katika kupaa. Mwongozaji akafahamu kwamba wapo tayari wakingoja, akajibu "sawa", kisha akawaambia wasubiri. Wakati huohuo Pan Am nayo ilikuwa ikisema redioni kwamba bado imo njiani. Sauti mbili katika masafa mamoja zikagongana, na kilichofika kwa KLM baada ya ile "sawa" kikawa mlio mkali tu. Watu 583 walifariki. Tangu msiba ule, neno "kupaa" limewekewa mipaka. Halitamkwi redioni ila pale ruhusa ya kupaa inapotolewa au kufutwa.

Katika kisa hicho kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wazee zaidi. Ndege ya KLM ilipoanza kushika kasi, fundi aliyekuwa chumbani na marubani alishuku, akauliza kama ile ndege nyingine imekwisha kutoka njiani. Nahodha alikuwa mtu mwenye cheo na sifa katika shirika lake. Alijibu kwa mkazo kwamba imetoka, na fundi hakuuliza tena. Tulipoyasikia haya pale Suneka, tuliukumbuka mkono wetu wa jana uliokuwa ukimwashiria mama wa mtoto anyamaze.

Kisa cha tatu kinazigusa familia zetu zenye watoto Ghuba. Tarehe 12 Novemba 1996, karibu na Delhi, ndege ya Saudia iliyokuwa ikipanda iligongana angani na ndege ya Kazakhstan iliyokuwa ikishuka. Saudia iliruhusiwa ifike futi 14,000, na ile ya pili isishuke chini ya futi 15,000, lakini ilishuka. Watu wote 349 walifariki, na wengi wa abiria wa Saudia walikuwa Wahindi waliokuwa wakienda Saudi Arabia kutafuta riziki. Udhaifu wa Kiingereza cha marubani wa Kazakhstan ulitajwa miongoni mwa sababu. Baadaye Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga liliweka kiwango cha lugha ambacho rubani na mwongozaji wa safari za kimataifa hupimwa.

Tukilinganisha visa hivi, hatuoni kwamba watu wale walikuwa wajinga au wazembe wa kawaida. Walikuwa mabingwa. Lakini sikio la binadamu hulisikia upesi lile linalolitarajia, na anayengojea ruhusa huisikia kabla haijatolewa. Ndiyo maana haitegemewi akili ya mtu mmoja, bali utaratibu wa watu wawili.

Nasi tuliosoma vyuoni utaratibu huu tuliupata tungali wadogo. Mwalimu alisoma, mwanafunzi akarudia, na mwalimu akasikiliza hata irabu moja isirefushwe pasipo mahali pake. Hakuna aliyeruhusiwa kusema "nimeelewa, mwalimu" akafunga juzuu. Ajabu ni kwamba tukitoka chuoni tunatosheka na "sawa", "haya" na "ndiyo". Maneno haya humjulisha msemaji kwamba sauti imefika. Hayamjulishi ni neno gani lililofika.

Basi tunashauri mambo matatu. Kipimo cha dawa, fedha zinazotumwa kwa simu, na saa ya kumpokea mtoto au msafiri visipite nyumbani bila ya kurudiwa kwa maneno yenyewe. Anayetoa maelezo naye asikate simu mpaka ameyasikia marudio. Na mkubwa wa nyumba akiulizwa na mke, mtoto au mtumishi, "Umesema hivi?", ashukuru, asikunje uso.

Tulirudi Nyamira jioni, mvua imepusa. Mtoto alikuwa akicheza ukumbini, homa imeshuka. Mama yake alipoichukua chupa ya dawa tukamwuliza, safari hii kwa kutaka kusikia: "Kiasi gani, mwanangu?" Akaijaza nusu ya kijiko, akatuonyesha.