Roboti ya Kupanga Matofali na Fedha ya Mwekezaji wa Mbinga

Makaa ya mawe ya Ngaka, katika kata ya Ruanda wilayani Mbinga, kusini mwa Tanzania, yaliiunganisha kata hiyo na soko la hisa la mbali sana. Uchimbaji ulioanza mwaka 2011 pale Ntunduwaro uliendeshwa na Tancoal Energy, kampuni ya ubia ambayo Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) lilikuwa na asilimia 30. Asilimia 70 ilikuwa ya Intra Energy, kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Australia. Kwa maana hiyo, mtu aliyeketi Perth au Melbourne aliweza kumiliki sehemu ndogo ya mlima wa Ntunduwaro bila kuukanyaga.

Soko hilohilo lina hisa nyingine inayopaswa kumvutia kila anayejenga. Ni ya kampuni ya FBR ya Perth, iliyoingia sokoni mwaka 2015 kwa jina la Fastbrick Robotics. Bidhaa yake kuu ni roboti inayopanga matofali, Hadrian X. Kadiri simu za mkononi zinavyosambaza video za mashine hiyo, ndivyo swali linavyozidi kuulizwa hata huku kusini: je, mtu mwenye akiba yake ya kahawa aiweke humo?

Tuanze na mashine yenyewe, maana inastahili heshima. Hadrian X imefungwa juu ya lori. Ina mkono mrefu wa zaidi ya mita 30, na matofali husafiri ndani ya mkono huo hadi kwenye ncha, ambako hupakwa gundi maalumu ya ujenzi badala ya mota na kuwekwa mahali pake kwa kufuata ramani iliyo kwenye kompyuta. Ugumu uko kwenye ncha hiyo. Mkono wa urefu ule hutikiswa na upepo, na hutikiswa na uzito wa tofali lenyewe. Mhandisi Mark Pivac, aliyebuni mashine hii, alitumia miaka mingi kutafuta namna ya kuupima mtikisiko huo kwa leza na kuusahihisha papo hapo, ili tofali litue pale lilipokusudiwa. Mwaka 2018 roboti ilisimamisha kuta za nyumba ya vyumba vitatu vya kulala kwa muda usiofika siku tatu. Mwaka 2024 ilipelekwa Florida, Marekani, ikajenga kuta za nyumba za majaribio kwa ushirikiano na CRH, kampuni kubwa ya vifaa vya ujenzi.

Kwa hiyo mashine inafanya kazi. Ila mwenye hisa hanunui mashine, ananunua biashara, na hapo habari ni nyingine.

Mwaka 2017 ulikuwa wa shangwe kwa wenye hisa wa FBR. Caterpillar, jina linalojulikana na kila dereva wa buldoza nchini, iliweka dola milioni 2 za Marekani. Mwaka huohuo ikatangazwa hati ya makubaliano na Saudi Arabia ya kujenga nyumba 50,000 kufikia mwaka 2022, kwa roboti zisizopungua 100. Mwaka 2022 ulifika na kupita bila nyumba hizo. Ushirikiano na Caterpillar nao haukuzaa kiwanda. Kampuni iliendelea kuishi kwa kutoa hisa mpya na kuziuza kwa bei ya chini, awamu baada ya awamu, hadi idadi ya hisa ikafika mabilioni. Mtu aliyenunua mapema na kutulia alijikuta sehemu yake inapungua kila mwaka. Hisa iliyoingia sokoni kwa senti 2 za Australia ilikuwa chini ya senti 1 mwaka 2025, muongo mmoja baadaye.

Hati ya makubaliano si mkataba, na mkataba si fedha benki. Wakulima wa Mbinga wanaifahamu tofauti hiyo kupitia kahawa: bei inayotangazwa mnadani ni jambo moja, na malipo yanayofika AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ni jambo jingine. Anayesoma taarifa ya kampuni ya teknolojia atafute kwanza mapato ya mauzo, kisha fedha iliyobaki na miezi itakayodumu, kisha idadi ya hisa ya mwaka jana na ya mwaka huu. Picha za roboti zikae mwisho.

FBR si kampuni pekee katika shughuli hii. Huko Victor, jimbo la New York, Construction Robotics walitengeneza SAM, roboti iliyotajwa kupanga matofali hadi 3,000 kwa siku na kuuzwa kwa bei ya karibu dola nusu milioni, yaani zaidi ya shilingi bilioni moja. Mashine hiyo bado inahitaji mafundi wawili watatu wa kuilisha matofali, kufuta mota inayomwagika na kumalizia pembe. Kampuni ambazo bidhaa yake ni moja na ni ghali namna hiyo huhitaji wateja wachache wenye mifuko mizito, na mteja mmoja akiahirisha, mwaka mzima wa hesabu unaharibika.

Mfano ulio karibu na wasomaji wa Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, uko ng'ambo ya ziwa. Wilayani Salima, Malawi, kwenye pwani ya magharibi ya ziwa hilihili, shule ilijengwa mwaka 2021 kwa mashine inayochapa kuta kwa zege laini, tabaka juu ya tabaka. Kuta zake zilikamilika kwa saa 18. Aliyejenga ni 14Trees, kampuni ya ubia iliyoanzishwa mwaka 2016 na Holcim ya Uswisi pamoja na CDC, mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Uingereza ambao sasa unaitwa British International Investment. Baada ya Malawi walielekea Kilifi, Kenya, kwenye mradi wa nyumba 52 uitwao Mvule Gardens.

Katika 14Trees kuna somo ambalo haliko FBR. Kabla ya kuleta mashine ya kuchapa kuta, walianza Malawi na tofali la kushindiliwa lisilochomwa, la udongo na saruji kidogo, ili kupunguza kuni zinazoteketea kwenye matanuru. Walikuwa na kampuni mama inayouza saruji na mfuko wa umma unaovumilia kusubiri. Hata hivyo Holcim yenyewe imepunguza uwepo wake katika ukanda huu: mwaka 2023 Amsons ya Tanzania ilinunua hisa zake katika Mbeya Cement, na mwishoni mwa 2024 Amsons hiyohiyo ikaichukua Bamburi ya Kenya. Fedha ya nyumbani iliingia palipotoka fedha ya Ulaya, tena kwenye saruji, si kwenye roboti.

Sasa turudi Mbinga, kwenye kiwanja cha kufyatulia matofali wakati wa kiangazi. Udongo hulowekwa na kukanyagwa kwa miguu, ukajazwa kwenye kalibu ya mbao, ukapigwa na kugeuzwa juani. Tofali likikauka hupangwa tanuru lenye matundu ya kuni chini, likakandikwa tope pande zote na kuwashwa moto kwa siku kadhaa. Tanuru likifunguliwa, matofali ya katikati ni mekundu na yanalia yakigonganishwa, ya pembeni hayakuiva vizuri, na yaliyokuwa karibu mno na moto yamepinda. Fundi muashi anaishi na tofauti hizo. Anaongeza mota hapa, anachonga kwa mwiko pale, anavuta uzi, anaweka pima maji, kozi inakaa sawa.

Roboti haiwezi hivyo. Inataka tofali la kipimo kimoja kutoka kiwandani, msingi uliosawazishwa, barabara ya kupitisha lori zito hadi kiwanjani, na nyumba nyingi zinazofanana mahali pamoja. Barabara ya lami ya kilomita 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay imetatua sehemu ndogo tu ya hayo. Viwanja vingi bado viko kwenye miteremko ya Umatengo, juu ya njia za miguu, na kila familia hujenga kidogo kidogo kadiri mauzo ya kahawa yanavyoruhusu. Tena ukuta si nyumba nzima. Bati, mbao, nondo, milango na saruji ya sakafu hubaki palepale, hata kama ukuta ungesimama kwa saa moja.

Roboti hizi zilizaliwa mahali ambako fundi ni adimu na ujira wake ni mkubwa kuliko bei ya tofali. Mbinga hali ni kinyume: kijana wa kumsaidia fundi anapatikana, na kinachokosekana ni tofali bora na bei nafuu ya saruji. Mwekezaji makini hufuata kinachokosekana.

Ndiyo maana mashine ndogo ya kushindilia matofali ya kufungamana inastahili kuangaliwa kwa jicho kali kuliko Hadrian X. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) umekuwa ukihimiza matofali hayo kwa miaka mingi, na Makiga ya Nairobi imejulikana kwa kutengeneza mashine za mkono za kuyafyatua. Tofali hutoka na kipimo kimoja, hukomazwa kivulini kwa kumwagiwa maji bila kuni hata moja, na meno yake hushikana hivyo mota hutumika kidogo sana. Kikundi cha vijana au AMCOS inaweza kuimiliki mashine hiyo, kuitengeneza ikiharibika, na kuikodisha kijiji hadi kijiji. Hasara yake ikitokea ni ya kiasi kinachobebeka.

Kwa anayetaka hisa hasa, mlango wa nyumbani upo. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na Twiga Cement iliorodheshwa humo mwaka 2006. Viwanda vya saruji vya nchini vimekuwa miongoni mwa wateja wakubwa wa makaa ya Ngaka, hasa baada ya serikali kuzuia uagizaji wa makaa kutoka nje mwaka 2016. Malori yanayotoka Ruanda kupitia Kitai hulisha tanuri za saruji, huku tofali la Mbinga lenyewe kwa sehemu kubwa likiendelea kuchomwa kwa kuni. Pengo hilo ni fursa ya biashara iliyo wazi, na halihitaji leza.

Hisa za Australia ni safari nyingine. Sheria za fedha za kigeni zina masharti kwa mkazi wa Tanzania anayetaka kununua hisa nje ya nchi za Afrika Mashariki na SADC, kwa hiyo anayeazimia kuingia FBR azungumze kwanza na dalali aliyesajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, wala asitume fedha kwa mtu wa mtandaoni anayeahidi faida ya roboti. Na akishapata njia halali, aweke kiasi ambacho kikipotea chote, ada ya shule na mbolea ya msimu ujao havitaguswa.

Hukumu ya makala haya ni kwamba teknolojia ya kampuni ya Perth ni ya kweli, lakini biashara yake bado haijathibitishwa, na miaka kumi ya kuuza hisa mpya ni ushahidi mzito. Mwenye akiba Mbinga aanze na mashine ya kushindilia matofali kijijini au hisa za saruji Dar es Salaam, na aendelee kuifuatilia FBR kwa swali moja kila mwaka: imeuza au kukodisha roboti ngapi, na kwa malipo gani yaliyokwisha kupokelewa.