Darasa Lisilomcheka Aliyejikwaa

Mtoto wa jirani yangu, aliyeanza darasa la kwanza mwaka huu, alijikojolea darasani siku ya nane. Wenzake walimcheka, mwalimu naye akacheka. Tangu asubuhi iliyofuata tumbo lilimuuma kila alipoiona sare yake, na ilichukua majuma matatu kumrudisha shuleni.

Mzee mmoja aliposikia alisema, "Atazoea." Huenda. Lakini mtoto anayeogopa kuchekwa hanyooshi mkono kuuliza, na asiyeuliza huishia kujifunza kunyamaza.

Mwaka 1968 Dakta James Comer wa Chuo Kikuu cha Yale alianza kazi katika shule mbili za msingi mjini New Haven, Marekani, zilizokuwa nyuma mno kimasomo. Yeye alishughulikia kwanza uhusiano baina ya walimu, wazazi na watoto. Baadaye, mwaka 2011, watafiti wa huko walikusanya matokeo ya programu 213 za kuwafundisha wanafunzi kutambua hisia zao, kujizuia na kuwahurumia wenzao. Waliofundishwa hayo walipata hata alama za masomo zilizo juu kuliko wenzao.

Sisi tunao mfano wa kale zaidi. Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, alifiwa na kidege alichokuwa akicheza nacho. Mtume (s.a.w.) alimkuta ana huzuni, akamwuliza habari za kidege hicho, huku akimwita kwa jina la heshima kama waitwavyo watu wazima. Na bedui alipokojoa msikitini, Mtume (s.a.w.) aliwazuia Maswahaba wasimkatize, kisha akaagiza ndoo ya maji imwagwe mahali pale.

Utasema, darasa lina watoto 80, mwalimu atawezaje? Mtoto yule alihamishiwa mkondo mwingine, nao umejaa vilevile. Mwalimu wake mpya, kila asubuhi kabla ya hesabu, huwauliza watoto watano tu wameamkaje, na darasa zima husikiliza. Kesho ni zamu ya watano wengine. Amewafundisha kutaja hasira, haya, wivu na woga, kwani mtoto asiyejua kulitaja jambo lake hulisema kwa ngumi. Kila mmoja ana mwenzake wa kumwulizia asipoonekana. Kabatini ameweka kaptula mbili na sketi mbili, zilizotolewa na wazazi.

Nasi wazazi, ambao kila muhula twauliza mtoto amekuwa wa ngapi, mara ngapi tumemwuliza nani alilia leo na nani alimbembeleza?

Juma lililopita kaptula moja ilihitajika. Mtoto wa jirani yangu ndiye aliyemsindikiza mwenzake kwenda kubadili. Kaptula yenyewe haijarudishwa, na mwalimu anatafuta nyingine.