Siri ya kipa hodari imo ubongoni

KIJANA anayelinda lango katika uwanja wa shule huko Kola, Kaunti ya Machakos, hukabiliwa na hesabu ile ile iliyomkabili kipa wa Harambee Stars, Patrick Matasi, mnamo Desemba 17, 2017.

Siku hiyo, katika uwanja wa Kenyatta mjini Machakos, Kenya ilitoka sare ya 2-2 na Zanzibar katika fainali ya Kombe la Chalenji la Cecafa. Matasi alipangua mikwaju mitatu ya penalti na Kenya ikatwaa kombe kwa 3-2. Mashabiki aghalabu huiita kazi kama hiyo bahati au wepesi wa mikono. Sayansi ya ubongo yaeleza zaidi.

Penalti hupigwa kutoka umbali wa mita 11. Mpira unaokwenda kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa hufika langoni kwa takriban sekunde 0.4. Baada ya jicho kuona, mwili huhitaji kama sekunde 0.2 kabla ya kuanza kusogea, na kuruka hadi karibu na mlingoti huweza kuzidi nusu sekunde. Kipa anayesubiri mpira uondoke mguuni ndipo aamue, huwa amekwisha kuchelewa.

Kwa sababu hiyo, kipa mzoefu hutazama nyonga za mpigaji na mguu anaosimamia. Ubongo hulinganisha dalili hizo na mikwaju mingi aliyowahi kuiona, kisha hubashiri upande. Katika majaribio ambayo filamu hukatwa kabla mguu haujagusa mpira, wachezaji wazoefu hubashiri vyema kuliko wanagenzi. Si lazima macho yao yawe makali zaidi. Wamejifunza mahali pa kutazama.

Sikio nalo hulishinda jicho kwa wepesi. Mwanga huhitaji mabadiliko ya kikemikali ndani ya jicho kabla ya kugeuka ujumbe wa neva, ilhali sikio huupokea mtikisiko wa sauti kwa haraka zaidi. Mtu huitikia sauti kwa takriban sekunde 0.15.

Hata hivyo, wepesi huo una mpaka. Kanuni za riadha huchukulia kwamba anayeanza mbio kabla ya sekunde 0.1 kupita hakuusikia mlio bali aliubahatisha. Mnamo Julai 2022, katika mashindano ya dunia huko Oregon, Marekani, Devon Allen aliondolewa katika fainali ya mita 110 kuruka viunzi kwa kuanza baada ya sekunde 0.099.

Kwa walimu wa michezo, funzo ni kwamba mtoto anayeachwa nje ya timu kwa kuitwa mzito huenda hajaona mikwaju ya kutosha tu. Zoezi lake halihitaji mitambo: kipa ataje upande kabla mpira haujapigwa, kisha aone kama alipatia. Wapigaji wabadilishwe, wakiwemo wa mguu wa kushoto, kwani mpigaji stadi naye hujua kudanganya. Usingizi pia usipuuzwe, maana ubongo uliochoka huamua polepole, hata miguu ikiwa na nguvu.